Mwaka ulioandikwa chini ya bakuli sio mwaka wa bakuli

Jana tena. Dada mmoja kanitumia picha WhatsApp, bakuli limepinduliwa, kitako kimejaa skrini nzima, na chini yake ujumbe: "Hili ni la 1748, nataka kulipakulia biriani siku ya Idi, unaonaje?" Nikamwambia nitumie basi na picha ya ndani na ya mdomo. Akanijibu, kwani mwaka huuoni? Nauona dadangu. Nishauona mara nyingi mno, na kila nikiuona mtu keshatoa pesa, ndio maana leo nimeamua kuliandika hili lote mara moja.

1748 ni mwaka ambao François Boch alianza ufinyanzi wake kule Audun-le-Tiche, Lorraine, Ufaransa ya leo. Basi, hakuna zaidi. Kampuni ya Villeroy & Boch inaupiga mwaka huo kwenye muhuri wake kujulisha kwamba imeanza zamani, na bakuli lililotoka kwenye tanuri juzi linao pia. Wedgwood, kiwanda cha Uingereza, nao wanaandika England 1759, na siku hizi vyombo vyao vingi vinatengenezwa Indonesia. Sasa kwenye picha ya yule dada, sentimita moja chini ya hiyo 1748, kuna maandishi madogo yanasema chombo kinaingia kwenye maikrowevu. Maikrowevu! Soma muhuri wote jamani, usichukue namba ukaacha maneno.

Muhuri una faida yake, ila inabidi ujue unakwambia nini. Jina la nchi likiwa peke yake, "England" tupu, mara nyingi bakuli ni la baada ya 1891, kwa sababu Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyolazimisha bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka, na viwanda vya Uingereza vilikuwa vinauza sana huko. "Made in England" mara nyingi ni karne ya 20. "Nippon", yaani Japani kwa Kijapani, ni 1891 mpaka 1921 hivi, halafu inakuja "Japan". "Occupied Japan" ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwisho 1952. Alafu kuna ile alama ya umbo la almasi ya Waingereza, 1842 hadi 1883, yenye herufi na namba kwenye pembe, ambayo wauzaji wanaipenda kweli maana ukijua kuisoma inakupa mpaka siku na mwezi. Lakini siku hiyo ni siku ambayo UA au UMBO lilisajiliwa, sio siku bakuli lilipochomwa! Ua likipendwa kiwanda kinaendelea kulichapa miaka na miaka na alama ileile. Kosa ni lilelile la 1748, limevaa nguo nyingine tu. Na mimi huwa nakataa kumwambia mteja mwaka kamili, namwambia "kati ya hapa na hapa", wengine wanakasirika wanaenda kwa mtu atakayewapa namba.

Kosa la pili nalipitia haraka. Huku pwani kila bakuli la zamani lenye bluu na nyeupe ni "la Mchina". Kauri ya Mchina ipo kweli, imeletwa na majahazi karne na karne, nenda Mambrui uone mabakuli yaliyopachikwa kwenye kaburi la mnara, nenda Gedi, nenda Fort Jesus. Lakini lile lililokuwa kabatini kwa bibi yako, lenye maua mekundu na kijani yaliyogongwa kwa sponji, geuza uangalie, unaweza kukuta Maastricht, Uholanzi, jina la mwenye kiwanda Petrus Regout, na pengine picha ya sphinx, yule simba mwenye kichwa cha mtu. Na ile sahani yenye daraja, mti wa matawi ya kuinama na ndege wawili, hiyo ni kazi ya wafinyanzi wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 wakiiga Uchina, na hadithi ya wapendanao waliogeuka ndege ilitungwa hukohuko Uingereza. Tazama pambo la ukingoni, kuna mahali mistari haikutani sawasawa: pale ndipo karatasi iliyochapwa ilipounganishwa kabla ya kubandikwa kwenye udongo. Mkono wa mchoraji hauachi mshono. Na kuwa la Mholanzi haliwi baya! Nina mabakuli ya Maastricht nayapenda kuliko kauri nyingi.

Haya, tuje mezani, maana bakuli la kupakulia linachaguliwa kwa mdomo, tumbo na kitako, sio kwa muhuri.

Pitisha ukucha kwenye mdomo wote, taratibu, ukiwa umefumba macho. Palipomeguka ukucha utakwambia kabla ya jicho. Gonga kwa kifundo cha kidole: kauri nzima inalia, yenye ufa inatoa sauti nzito kama imeziba. Ila hapa watu wanakosea, wanagonga udongo mnene wa Kiingereza wakisikia sauti nzito wanasema bovu, wakati udongo ule hata ukiwa mpya kabisa haulii kama kauri. Linganisha la udongo na la udongo, kauri na kauri. Kujua lipi ni lipi weka taa ya simu kwa ndani, kauri inapitisha mwanga mpaka unaona kivuli cha vidole, udongo unabaki giza.

Alafu taa ya kukagulia noti bandia. Nunua. Ingia nayo chumba chenye giza ulimulike bakuli, mahali palipogundishwa au kupakwa rangi upya mara nyingi panang'aa tofauti na pengine pote. Niliinunua baada ya kuuziwa kombe kubwa la buluu, zuri mno, nikalipakulia mchuzi wa kuku wa nazi ukiwa unatokota, wageni wameshakaa, gundi ikalegea kwa joto na kombe likaachana vipande viwili katikati ya meza. Mchuzi wote kwenye kitambaa cha mama mkwe. Aliyeniuzia aliapa halina kitu, na mimi nilikuwa nimegeuza kitako nikasoma muhuri nikaridhika. Kwa hiyo najua ninachokisema.

Na hata bakuli zima, la zamani haliwekewi kitu cha moto wakati lenyewe ni baridi. Litie maji ya vuguvugu kwanza, dakika chache, ndio upakue.

Umbo sasa, hapa ndipo ninapogombana na wateja kila wiki. Pilau na biriani havitaki bakuli refu! Wali ukirundikwa kwenye bakuli lenye kina, mvuke unabaki chini, wa chini unalowa na kushikana, na mpakuaji akitaka kufikia nyama inabidi achimbe avunjevunje punje zote. Wali unataka kombe, pana na la kina kifupi. Mchuzi ndio unataka kina, mdomo usiwe mpana sana ili ubaki na moto. Mbaazi za nazi ziko katikati, bakuli la duara la kawaida, lile la maua ya sponji linafaa ajabu, ile rangi ya mbaazi na yale maua mekundu ndio asubuhi yenyewe na mahamri pembeni. Na msihangaike kutafuta seti nzima ya aina moja, seti za zamani zilishavunjika zamani. Chagua rangi moja ipite kwenye vyombo vyote, vingine acha vyeupe, meza itakaa vizuri.

Sasa jambo zito. Risasi. Namaanisha ile madini, iliyotumika kwenye glezi, yaani ule utando wa juu unaong'aa, na kwenye rangi za vyombo vingi vya zamani, na hailetwi nje na wali mkavu wala mkate, inaletwa na ukali na muda: ukwaju, ndimu, siki, nyanya, achari iliyolala usiku mzima. Hatari zaidi ni rangi zilizopakwa juu ya glezi, ukipitisha kidole unazihisi zimeinuka kidogo, na glezi iliyochakaa ikapoteza mng'ao. Vile vinyufa vyembamba kama utando wa buibui navyo sivipendi kwa chakula chenye maji, na vikishaingia rangi ya kahawia ujue mafuta yamezama mpaka kwenye udongo na hayatoki, na kuloweka kwenye jiki kunazidi kuiua glezi. "Mabibi zetu walikula humo na hawakufa" sio hoja, risasi haiui kwa siku moja, inajikusanya mwilini, na watoto na wajawazito ndio inawaumiza zaidi.

Na nitasema wazi jambo ambalo muuzaji hupenda kulinyamazia: kwa macho siwezi kukwambia bakuli gani la kale lina risasi na gani halina. Hakuna anayeweza. Vile vijiti vya kupimia nyumbani vinakosea pia, huku vinasema ipo wakati haipo na huku kinyume chake, jibu la kuaminika ni la maabara. Kwa hiyo kwangu nimeweka mpaka: la kale lenye rangi ya juu au vinyufa linapata tende, mkate wa mofa, matunda yasiyomenywa, na achari inakwenda kwenye kioo. Lililoungwa kwa vile vishikizo vya chuma vya mafundi wa zamani naliweka kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani, pale linapendeza sana na halina kazi ya kushika mchuzi.

Yule dada nilimwambia bakuli lako ni jipya, zima, na kwa sababu ni jipya lipakulie hata mchuzi wa ukwaju bila wasiwasi, ila biriani itafutie kombe. Hajanijibu bado. Ukitaka kuniuliza la kwako nitumie picha nne: ndani, mdomo kwa karibu, ubavuni, na kitako mwisho. Piga kwenye mwanga wa jua, usitumie flashi, inaficha nyufa.