ALT imepanda, ndo ini limeoza? Maswali ninayoulizwa sana huku Mtwara

Mtu anaingia kashika karatasi ya maabara imekunjwa mara nne, anaifungua taratibu ananionyesha ile herufi H (yaani imezidi kikomo) pembeni ya ALT, kipimo cha ini, na usiku mzima hajalala. Nimeyaweka hapa maswali yanayojirudia.

*Dokta shikamoo, ALT 92, AST 70, zote zina H. Ini limeoza?*

Marahaba mama. Halijaoza. ALT na AST ni vimeng'enya, vinakaa ndani ya seli za ini, seli ikiumia inavuja na vyenyewe vinamwagikia kwenye damu, ndo mashine inavikuta huko. Maabara nyingi kikomo ni kama 40 ila soma kwenye karatasi yako maana zinatofautiana. 92 ni kupanda kidogo, inatafutwa sababu, haukimbiliwi msiba. Ila na hili lijueni, mwenye ini lililojaa makovu anaweza kuwa na ALT ya kawaida kabisa, kwa sababu seli za kuvuja zimebaki chache. Ini linafanya kazi kiasi gani tunaangalia albumini (protini inayotengenezwa na ini), bilirubini (ile rangi ya njano ya nyongo) na muda damu inaochukua kuganda.

*Mimi pombe sijawahi kuonja, sasa imepandaje?*

Pombe ni sababu moja tu jamani. Huku kwetu cha kwanza naomba kipimo cha homa ya ini B, halafu C. Kuna mafuta kwenye ini, hasa mwenye kitambi au kisukari. Kuna dawa, za TB ndo zinajulikana sana kwa hilo, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, lakini usiziache kimyakimya, rudi kliniki uwaambie, na ukianza kutapika au mkojo ukawa kama chai ya rangi rudi siku hiyohiyo. Parasetamoli nayo, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na kama ini lina shida au unakunywa pombe, hata vidonge hivyo 8 ni vingi, uliza kwanza.

Na AST haitoki kwenye ini peke yake, ipo na kwenye misuli. Msimu wa korosho alikuja kijana anapakia magunia ghalani kutwa, AST imeipita ALT kwa mbali, homa ya ini hana, pombe hanywi. Tukapima CK, kimeng'enya cha misuli, kumbe ndo iliyokuwa juu. Akapumzika, akarudia, ikashuka.

*Nakunywa uraka tu, gongo sigusi.*

Kaka yangu, uraka ni mabibo yaliyochacha, ni pombe. AST ikiwa zaidi ya mara mbili ya ALT na GGT, kimeng'enya kingine cha ini, nayo ipo juu, mimi nakuuliza unakunywa kiasi gani na naomba uniambie ukweli, sikuhukumu. Ila kama unakunywa kila siku na usipokunywa unatetemeka, usikate ghafla peke yako, kuna watu wanapata degedege, njoo tukusaidie kuacha.

*Kuna dawa ya mizizi ya kusafisha ini, ninywe?*

Usinywe. Ini limeshaumia unaliongezea kazi ya kitu usichojua kipimo chake. Fanya hivi, kila unachomeza, vya duka la dawa na vya mganga, tia kwenye mfuko uje navyo. Na karanga zenye ukungu wa kijani tupa, usizikaange ukadhani zimepona, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiishi kwa moto wa jikoni, ikikutana na homa ya ini B miaka ikienda hatari ya kansa ya ini inakuwa kubwa sana.

*Nirudie kupima lini?*

Kama huna dalili na imepanda kidogo, wiki chache mpaka miezi mitatu, daktari wako atakupangia. Macho ya njano, kutapika damu, kuchanganyikiwa, au mjamzito mwenye presha na kichwa kinauma sana, hapo usisubiri, nenda hospitali, iwe Ligula hapa Mtwara, Sokoine pale Lindi au Ndanda, popote palipo karibu.

*Nimekutwa na homa ya ini B. Nitenge sahani?*

Hapana, kuleni pamoja. Inapita kwenye damu, kujamiiana na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kinachotengwa ni wembe na mswaki. Mwenzi wako na watoto wapime, asiye nayo achanjwe, mtu mzima dozi 3 kwa miezi 6. Wewe mwenyewe uendelee kliniki hata ukijisikia mzima, maana wengine wanahitaji dawa ya tenofovia na wengine wanafuatiliwa tu.