Je, wajua? Kuning'inia kichwa chini siko kunakokaza tumbo

Yoga ya angani hufanywa kwa kitambaa kipana cha nailoni kilichotundikwa juu, ncha zote mbili, kikafanya bembea. Picha zake karibu zote ni za mtu aliyepinduka, na wengi huamini hapo ndipo tumbo linapokazwa.

Sivyo. Ukishapinduka, kitambaa kimekupakata nyongani na kubeba uzito wote. Mgongo unanyooka, misuli inalegea. Ni mapumziko matamu, lakini ni mapumziko. Hata kurudi wima hakusaidii ukijivuta kwa mikono, maana hapo iliyochoka ni mikono. Tumbo huingia kazini unapojikunja polepole, kidevu kwanza, mbavu zikifuata, viganja vikikigusa kitambaa bila kukivuta.

Kazi yenyewe iko kwenye zoezi ambalo halipendezi pichani: planki, yaani kuunyoosha mwili kama ubao, viganja sakafuni, miguu ndani ya kitambaa.

Fikiria umesimama kwenye mtumbwi pale mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria. Ziwa linauinamisha kushoto kidogo, na kabla hujafikiri, ubavu wa kulia umeshakurudisha. Unainama kulia, wa kushoto unajibu. Ukijikaza mwili mzima unaanguka, ukijilegeza, vilevile. Kinachokubakiza wima ni masahihisho madogo yasiyokoma ya misuli ya kina tumboni, ya mbavuni na ile midogo inayofuata uti wa mgongo. Planki ya kawaida hufanyika nchi kavu: vidole vimeng'ang'ania saruji, na msuguano unakufanyia sehemu ya kazi. Kwenye kitambaa msuguano huo haupo. Miguu inataka kwenda mbele, nyuma, kando, na wa kuizuia ni kiwiliwili. Ndiyo maana tumbo linatetemeka.

Vipimo vya umeme wa misuli kwenye kamba za jimu za kuning'iniza miguu huonyesha misuli ya tumbo ikishtuka zaidi kuliko kwenye planki ya sakafuni. Kushtuka zaidi, hata hivyo, si sawa na kupata nguvu zaidi. Asiyeweza sekunde 30 sakafuni aanzie huko.

Shusha kitambaa kifike chini kidogo ya goti. Anza kwa kulaza mapaja ndani yake. Ukizoea, sogeza hadi kwenye muundi, mwisho nyayo. Kila unapokisogeza mbali na kiuno, kazi huongezeka, kwa hiyo ongeza umbali kabla ya muda. Sekunde 20, mara 3, pumziko la dakika moja. Pumua, kubana pumzi hupandisha presha. Kiuno kikizama utasikia maumivu mgongo wa chini: hapo mgongo unabeba kazi ya tumbo, shuka.

Mwenye presha ya kupanda, presha ya macho au mjamzito asipinduke bila idhini ya daktari. Na ugali kwa sato upewe saa mbili au tatu tumboni, la sivyo utarudi na maoni yake.

Kuhusu kutundika: siling bodi haibebi mtu, na kenchi nyingi zilipigiwa hesabu ya bati tu. Wa kilo 70 akikidondokea kitambaa ghafla huvuta mara mbili ya uzito wake au zaidi, basi fundi aelezwe hivyo kabla hajatoboa zege. Kitenge kisitumike, hakikufumwa kwa mzigo huo. Nailoni nayo hudhoofishwa na jua. Ukifanyia nje ufukweni, kiteremshe kila umalizapo, na kikianza kupauka au kuwa na nyuzi zilizokatika, kitupe.