Daktari mvunja sheria wa kwenye TV: watu wanavyoamini na ukweli wenyewe

Eti daktari mkali ndo yule asiyefata sheria. Hii House ndo imeikoleza, ile tamthilia ya 2004 mpaka 2012, daktari anayeitwa House anatuma vijana wake wakaingie kwa kuvunja nyumbani kwa mgonjwa wakapekue, anampa mtu dawa kabla hajajua anaumwa nini, ikigoma anabadilisha, kufika mwishoni mwa kipindi kapatia na wote wanabaki midomo wazi. Ukweli ni kwamba House anapatia kwa sababu mwandishi wa script alishajua jibu kabla mgonjwa hajaanguka chini! Daktari wa kweli hana mtu wa hivyo, akibahatisha dawa ikawa siyo na figo zikafa basi zimekufa, ndo maana kuna vipimo, kuna kuuliza wenzako, na kuna mgonjwa kuelezwa hatari zote aamue mwenyewe.

Alafu kuna wanaoamini ukimpenda mgonjwa sheria inaweza kusubiri. Kwenye Grey's Anatomy, tamthilia nyingine ya hospitali, mwisho wa msimu wa pili, 2006, daktari Izzie anakata waya wa mashine inayousaidia moyo wa Denny, mgonjwa anayempenda, makusudi hali yake iwe mbaya zaidi ili apewe moyo mpya kwanza. Watu walilia sana na mpaka leo wapo wanaomtetea, ila jamani ule moyo ulikuwa unaenda kwa mtu mwingine, aliemtangulia Denny kwenye foleni kwa sekunde 17 tu, na huyo hatukupewa muda wa kumzoea. Foleni ipo kwa ajili yake. Na Denny mwenyewe alibembelezwa mpaka akakubali, akapata moyo, akafa palepale hospitali. Izzie baadae akarudi kazini, kitu ambacho kwa daktari wa kweli leseni ingekuwa hatarini na kesi ya jinai juu.

Kingine, kwamba mgonjwa akikataa matibabu daktari anaweza kumlazimisha kwa faida yake. Hapana. Mtu mzima mwenye akili timamu anaruhusiwa kukataa hata kama atakufa. Ila akiletwa hajitambui na hamna wa kumsemea, daktari anamtibu bila kusubiri sahihi, na hapo wala hajavunja kitu, sheria yenyewe inamruhusu, japo kwenye TV wanapiga muziki wa ushujaa.

Hii ya mwisho watu hawaioni kama suala la maadili. Kubonyeza kifua moyo ukisimama, kwenye TV karibu kila mtu anaamka. Utafiti uliochapishwa 1996 ulipima vipindi vitatu vya Marekani, ukakuta asilimia 75 wanazinduka, wakati kiuhalisia moyo ukisimamia nje ya hospitali hukohuko Marekani anayepona ni kama mmoja kati ya kumi. Sasa ndugu wakiulizwa kama juhudi ziendelee kwa mzee wao aliyechoka na ugonjwa, wanajibu kwa hiyo 75 ya kwenye TV, na daktari inabidi aanze kuifuta hiyo kwanza kabla hawajaongea mengine.