Kanuni ya Garrity: polisi wa Marekani akihojiwa na bosi wake, maelezo yake yanaenda wapi?

Ukifuatilia kesi za polisi wa Marekani hili jina Garrity utakutana nalo sana, ni kanuni kwamba maelezo aliyoyatoa polisi kwa kulazimishwa na mwajiri wake hayatumiki dhidi yake kwenye kesi ya jinai, na wengi wanadhani ni ujanja wa mawakili wa kumchomoa askari. Mimi naona limeeleweka nusu tu.

Iko hivi. Polisi wa mji au kaunti kule ni mwajiriwa wa serikali, akituhumiwa kufanya kosa kazini anajikuta na mambo mawili kwa mpigo: kuna la kikazi, yaani kitengo cha uchunguzi wa ndani kinataka kujua kama kavunja taratibu na adhabu yake ni onyo, kusimamishwa bila mshahara, kushushwa cheo au kufukuzwa, halafu kuna la jinai ambalo linaweza kuishia jela. Kwenye jinai anaweza kukaa kimya kama raia yeyote, Marekebisho ya 5 ya Katiba yao yanamlinda asilazimishwe kujitia hatiani. Lakini kwenye la kikazi bosi anamwamuru ajibu. Sasa hapo ndo pagumu, mtu kaambiwa aongee la sivyo kibarua kiote nyasi, akiongea kaongea kwa hiari kweli?

Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Garrity, ndo jina la kanuni lilipotoka, hukumu ikatoka 1967. Polisi wa vimji viwili vya New Jersey, Bellmawr na Barrington, walituhumiwa kufuta kesi za barabarani kinyemela, wakaambiwa kabla ya kuhojiwa kwamba wanaweza kugoma kujibu ila wakigoma wanaondolewa kazini. Wakajibu, na majibu yaleyale yakatumika kuwatia hatiani. Majaji 5 dhidi ya 4 wakasema haiwezekani, maelezo ya kutishiwa ajira ni ya kulazimishwa, hayaingii kwenye kesi ya jinai.

Mwaka 1968 ikaja kesi ya Gardner, ya New York, na hii watu wanaisahau wakati kwangu ndo nzito zaidi: askari hawezi kufukuzwa eti kwa kukataa kusaini kwamba anaachia kinga yake ya kutojitia hatiani, ila akiulizwa maswali yanayohusu kazi yake moja kwa moja, kinga iko palepale, halafu bado agome, hapo anafukuzwa. Yaani mwajiri anayo nguvu ya kudai ukweli.

Kwa vitendo, askari akiingia kuhojiwa anasomewa au anapewa karatasi: umeamriwa kujibu, ukikataa unaweza kufukuzwa, utakachosema hakitatumika dhidi yako kwenye jinai. Kuanzia hapo maelezo hayo yanafichwa mbali na wapelelezi wa jinai, maana hata ushahidi uliopatikana kwa kuyafuata unaweza kutupwa. Ndo maana idara nyingi zinaweka timu mbili zisizopeana mafaili, nyingine zinasubiri jinai iishe kwanza ndo zimhoji mtu wao, na huku familia ya aliyeumizwa inakaa inangoja majibu, inauma sana hii.

Ila uongo haulindwi. Akidanganya kwenye mahojiano hayo anaweza kufukuzwa kwa huo uongo wenyewe, na kama alikula kiapo anaweza kushtakiwa kabisa. Na video za kamera, mashahidi, ripoti ya daktari, vyote hivyo mwendesha mashtaka anavitumia bila shida maana havikutoka kwenye mahojiano yale.