Vyura wa Maore walivukaje bahari?

Nilikuwa Msimbati, pwani ya Mtwara, msimu wa mvua, tochi kichwani, nikitafuta vyura wa kwenye matete. Mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi akaniita barazani kwake. Nilipomwamkia hakunikawiza. "Mjukuu wangu, chura na chumvi si maadui? Sasa mimi Maore nimefika, na usiku vyura wanalia. Nani aliwapeleka?"

Maore, yaani Mayotte, ni kimoja cha visiwa vya Komoro, na swali la mzee lina umri. Mwaka 1859 Charles Darwin, mwanasayansi wa mageuzi, aliandika kwamba visiwa vya mbali baharini havina vyura, kwa sababu wao na mayai yao hufa upesi kwenye maji ya bahari. Kinachomponza chura ni ngozi yake, haina magamba na inapitisha maji. Akitumbukia baharini, chumvi inamfyonza maji ya mwilini kama inavyomfyonza samaki anayegeuzwa ng'onda. Tena visiwa vingine vya Komoro, Ngazija, Nzwani na Mwali, havina vyura wa asili. Maore peke yake ndiyo ina vyura wa asili, wa aina mbili.

Kwa muda mrefu wataalamu waliwaingiza kwenye spishi zinazojulikana za Madagaska, yaani *Boophis tephraeomystax* na *Mantidactylus granulatus*, wakadhani watu ndio waliowaleta. Hata mimi ningedhani hivyo. Chura hujificha popote penye unyevu, na vyombo vimekuwa vikienda na kurudi huko karne nyingi. Lakini mwaka 2003 mtaalamu wa vyura Miguel Vences na wenzake walilinganisha maumbile na vinasaba, wakakuta tofauti zilizo kubwa mno kuwa za wageni waliobebwa na majahazi juzijuzi. Vyura hawa walikuwa spishi za Maore, hazipatikani kwingine kokote.

Hata hivyo walikaa miaka 16 zaidi bila majina. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo, ila kutaja spishi mpya si kutangaza tu. Lazima uieleze kwa vipimo, uitofautishe na ndugu zake wote, na chura mmoja ahifadhiwe makumbusho awe shahidi wa jina hilo. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2019. Mmoja akaitwa *Boophis nauticus*, yaani baharia. Huyu ni wa jamii ya vyura wa mitini, ambao ncha za vidole vyao zimetanuka kama visahani na zinanata. Mwenzake ni *Blommersia transmarina*, wa ng'ambo ya bahari. Majina ya kisayansi mengi hayana ladha, lakini haya wameyapatia.

Sasa safari yenyewe. Mzee aliijua nusu ya jibu bila kujua kwamba anaijua. Ruvuma ikifurika, aliniambia, hutapika baharini magogo na matete yaliyoshikana mizizi na udongo wake, kama kijisiwa kinachotembea. Kwenye kijisiwa cha namna hiyo chura anaweza kujibanza palipo na unyevu, na mvua ikinyesha humwosha chumvi. Kutoka Madagaska, walikotoka mababu wa vyura hawa, hadi Maore ni kama kilomita 300. Lazima wengi walikufa njiani. Kwa kila spishi, ilitosha wachache wafike hai mara moja.

"Mbona wa kwetu hawakufika?" akauliza. Maore ni takribani kilomita 600 kutoka Mtwara, lakini umbali si kikwazo pekee. Mkondo mkubwa wa bahari hutoka mashariki, ukapita kaskazini mwa Madagaska ukija huku. Ukifika pwani yetu, karibu na Rasi ya Delgado, hugawanyika. Tawi moja hupanda kuelekea Mafia na Unguja, jingine huteremka Mlango wa Msumbiji. Gogo la Ruvuma lina nafasi kubwa zaidi ya kusukumwa kaskazini kuliko kufika Komoro.

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kwenda Komoro, akasema, bila upepo wa maana unashinda siku nzima ukipigana na maji, na jioni bado unauona mnazi uleule.