Asili ya Wanuristani wa Hindu Kush

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu Wanuristani, Waislamu wa Kisuni wanaoishi katika mabonde ya kaskazini-mashariki mwa Afghanistan, ni kama kweli wametokana na askari wa Aleksanda Mkuu. Wanaodai hivyo hutaja macho ya kijani na nywele za rangi nyepesi za baadhi yao, pamoja na kwamba jeshi hilo lilipita kwenye vilima vya kando ya milima ya Hindu Kush mnamo mwaka 327 kabla ya Kristo. Wazee wa Nuristan wenyewe wana simulizi nyingine: babu zao walikuwa Makureshi waliokataa kusilimu, wakaihama Makka na kuzidi kusogea mashariki hadi walipojificha milimani. Naiheshimu simulizi hii, kwa kuwa kwa mujibu wake watu hawa waliposilimu walikuwa wanarejea kwa ndugu zao, wala hawakuwa mateka tu wa vita.

Hata hivyo, mimi ni mtafiti wa historia ya lugha, na lugha zao hazikubaliani na dai lolote kati ya hayo mawili. Kikati, Kiwaigali, Kiashkun, Kitregami na Kiprasun ni ndugu wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na Kiajemi, na baada ya kazi ya mwanaisimu wa Norwei, Georg Morgenstierne, wataalamu wengi huzihesabu kuwa tawi la tatu la familia ya Kihindi-Kiirani. Tazama namba kumi: Kisanskriti ni dasha, Kiavesta, lugha ya kale ya Kiirani, ni dasa, na Kikati ni duts. Sauti ts ya neno hilo la Kikati iko karibu zaidi na matamshi ya lugha ya kale iliyozaa familia hiyo kuliko sh na s za matawi mawili makubwa, la Kihindi na la Kiirani, jambo linaloonyesha kwamba wasemaji wake walijitenga karne nyingi kabla Aleksanda hajazaliwa. Mgiriki husema deka na Mwarabu ashara. Hakuna hata moja iliyozaa duts.

Hadi mwishoni mwa karne ya 19 eneo lao liliitwa Kafiristan, nao waliabudu miungu yao wenyewe, wakubwa wao wakiwa Imra, muumba, na Gish, mungu wa vita. Timur, mtawala na mteka nchi wa Asia ya Kati, aliwashambulia mwaka 1398 bila kuwatiisha. Mambo yalibadilika baada ya mkataba wa mwaka 1893 wa mpaka kati ya Afghanistan na India ya Waingereza, uliowaacha wengi wao upande wa Afghanistan: katika majira ya baridi ya 1895 na 1896, theluji ikiwa imefunga njia za kukimbilia, Amiri Abdur Rahman Khan alituma majeshi yake, akawashinda na kuwasilimisha, na nchi ikapewa jina la Nuristan. Baadhi ya wasemaji wa Kikati walivuka mpaka wakaingia Chitral, katika Pakistan ya leo, ambako watoto wao nao walisilimu baadaye. Majirani zao Wakalasha, waliokuwa upande wa Waingereza, wamebaki na sehemu ya dini yao ya kale mpaka leo.

Vizazi vilivyofuata viliushika Uislamu kwa dhati, na mwaka 1978 Nuristan ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuinuka dhidi ya serikali ya kikomunisti. Lakini maisha ya kila siku hayakung'olewa. Wanaume bado huchunga mbuzi na kutengeneza jibini kwenye malisho ya juu, huku wanawake wakilima mashamba ya ngazi. Nyumba hupandana mlimani hivi kwamba paa la jirani wa chini ni ua wa jirani wa juu. Nakshi za mbao ambazo zamani zilimtambulisha mtu aliyepata daraja kwa kuwakirimu wanakijiji wenzake huonekana pia kwenye nguzo za misikiti ya zamani. Sanamu za mababu zilizopelekwa Kabul kama ngawira zilivunjwa na Taliban mwaka 2001, kisha mafundi wa makumbusho wakaunga vipande kwa subira kubwa, kazi ninayoiona kuwa ya heshima kuu.

Kinachonisikitisha zaidi ni hali ya lugha. Katiba ya mwaka 2004 ilikitaja Kinuristani kana kwamba ni lugha moja, ilhali mtu wa bonde la Parun, anayesema Kiprasun, na mtu wa bonde la Waigal, anayesema Kiwaigali, hawaelewani mpaka watumie Kipashto au Kidari. Kitabu cha shule kilichoandikwa kwa lugha moja kati ya hizo tano hakimfai mtoto anayesema nyingine, na Kiprasun, chenye wasemaji elfu chache tu, ndicho kinachostahili kuandikiwa kwanza.