Tablacha si njia ya wavivu

Hapa Unguja, kijana akijifunza nyimbo za roki kwenye gitaa la besi kwa tablacha, yaani maandishi ya mistari na namba yanayoonyesha pa kubana nyuzi, huambiwa anakwepa noti za muziki. Eti huo ni ujanja wa intaneti. Sivyo. Mwaka 1507, kule Venice, mchapaji Petrucci alichapa tablacha za luti, ala iliyotokana na udi, huu huu wa taarab.

Kwenye tablacha ya besi, mistari minne ni nyuzi nne, wa chini ndio uzi mnene kabisa. Namba ni freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa; 0 ni uzi usiobanwa. Kasoro ipo, ila kwingine: tablacha nyingi za sasa hazionyeshi sauti idumu kiasi gani. Zile za kale ziliweka alama za mapigo juu ya mistari. Besi bila mapigo ni kelele tu, kwa hiyo sikiliza wimbo kwanza, namba baadaye.